Mvuke wa Olkaria Ni Wetu. Na Kerneli Je?

Wasee wa Nax, nianze na ile itawakasirisha. Kama unasomea kompyuta hapa Nakuru, uwe Njoro, Kabarak ama kwa YouTube tu chumbani kwako Kiamunyi, na hujawahi kuangalia opsheni za kerneli ya mashine yako, unaishi kama mpangaji ndani ya nyumba ambayo ni yako. Unalipa kodi kwa dola na hati iko kwa droo.

Najua. Ukisikia "kerneli" unafikiria wazee wenye ndevu, skrini nyeusi na mtu ambaye hajalala siku tatu. Ngoja kwanza. Hii stori inakuhusu kuliko unavyodhani, na inaanzia hapa hapa kaunti yetu.

Mei 2024, Microsoft na G42, kampuni ya Falme za Kiarabu, walitangaza mpango wa kujenga kituo cha data Olkaria, kikitumia umeme wa mvuke. Pesa za kuanzia zilizotajwa ni dola bilioni 1. Olkaria iko Naivasha, na Naivasha ni Kaunti ya Nakuru, si Nairobi, hata kama watu wa Nairobi huwa wanajisahau. Mvuke wa pale umekuwa ukitoa stima tangu 1981, mtambo wa kwanza ulipoanza na megawati 15. Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa. Juu hapa kwa Menengai pia sahii mvuke unatoa stima. Yaani ardhi yetu inachemka na dunia imegundua.

Sasa, ukiondoa zile picha za drone na hotuba, kituo cha data ni nini? Ni ghala la kompyuta. Na kompyuta hizo haziuzwi nzima nzima kwa wateja. Nyingi zinakatwa vipande vipande, na kila kipande kinajifanya kompyuta kamili. Hicho kipande ndicho tunaita mashine pepe, ama VM. Ukikodi "seva" huko klaudi, mara nyingi umekodi VM.

Swali langu ni hili: siku geti la kituo kama hicho likifunguliwa, vijana wa Nakuru wataingia kama nani? Kazi ya ulinzi na ya kukata nyasi ni kazi ya heshima, sidharau mtu. Lakini itakuwa aibu mvuke utoke kwetu, maji yatoke kwetu, halafu mtu wa kugawa mashine atoke mbali kwa ndege, na sisi tumekaa na laptopu ambazo zingetufundisha hiyo kazi.

Ploti na keateka wake

Fikiria ploti ya vyumba vya kupanga pale Kaptembwo. Vyumba kumi na viwili, tangi moja la maji, laini moja ya stima kutoka nje, geti moja. Kila mpangaji ana mlango wake na mita yake ndogo ya tokeni, na akifunga mlango anaishi kama hakuna mtu mwingine. Nani anahakikisha wa chumba cha tatu hamalizi maji ya wote? Keateka, yule wa bunda la funguo.

VM ni mpangaji. RAM ni maji, prosesa ni stima, kadi ya netiweki ni geti. Kerneli ndiyo keateka. Na opsheni za kerneli ni orodha ya kile keateka ameruhusiwa kufanya. Kama hajapewa ufunguo wa tangi, hata umlipe vipi, maji hayatoki.

Hapo ndipo wengi wanakwama. Wanaweka programu ya VM, inaenda polepole kama lori la mawe likipanda Salgaa, wanasema "hii mashine ni duni." Mashine haina shida. Keateka hajapewa funguo.

Ufunguo wa kwanza hauko hata kwa kerneli

Laptopu nyingi tunazonunua hapa town ni zile za ex-UK, ThinkPad na EliteBook zilizotumika maofisini Ulaya kisha zikaja kwetu kwa bei ya simu ya kawaida. Watu huziangalia rangi na chaji tu. Lakini kwa sababu zilikuwa za ofisi, nyingi zina prosesa yenye uwezo wa kubeba VM moja kwa moja. Intel walianza kuuweka kwenye prosesa zao 2005 na kuuita VT-x, AMD wakafuata 2006. Si kitu kipya.

Fungua terminali uandike:

grep -E 'vmx|svm' /proc/cpuinfo

Ukiona vmx, ni Intel na iko sawa. Ukiona svm, ni AMD na iko sawa. Usipoona kitu, usilie bado. Washa mashine upya, ingia BIOS, tafuta Virtualization Technology ama SVM, mara nyingi iko chini ya Security au Advanced. Iwashe. Zima kabisa, washa tena, rudia ile amri. Laptopu kibao huuzwa hiyo swichi ikiwa imezimwa.

Niliwahi kuingia maabara ya kompyuta ya chuo kimoja hapa Bonde la Ufa. Mashine zinang'aa, viti vipya, na kwenye kila mashine hiyo swichi imezimwa. BIOS ilikuwa na nywila. Aliyeiweka alihama kazi. Kwa hivyo darasa la mifumo ya kompyuta lilikuwa linafundishwa ubaoni, kwa chaki, kama somo la historia. Sitaji chuo, maana naamini si hicho peke yake. Lakini huo ni mlango umefungwa na ufunguo umeenda na mtu nyumbani kwao.

Sasa kerneli yenyewe

Kuna kitu kinaitwa KVM. Kiliandikwa na Avi Kivity akiwa kampuni ndogo ya Israeli iliyoitwa Qumranet, na kikaingia kwenye kerneli ya Linux toleo 2.6.20, Februari 2007. Kazi yake ni kuifanya kerneli yenyewe iwe mgawaji wa mashine. Hakuna kununua leseni, hakuna kuomba mtu. Red Hat walinunua hiyo kampuni 2008, na leo klaudi za Google na Amazon zinategemea KVM kwa sehemu kubwa. Hiyo hiyo iko kwa laptopu yako. Angalia:

grep KVM /boot/config-$(uname -r)

Utaona mistari kama CONFIG_KVM=m. Herufi ya mwisho ndiyo habari. "y" maana yake opsheni imejengwa ndani ya kerneli, haitoki. "m" maana yake ni moduli, inaingizwa ikihitajika. Ukiona "is not set", keateka hana huo ufunguo. Kwa Ubuntu na Debian utakuta KVM iko "m" tayari. Kwa hivyo kuanza hauhitaji kujenga kerneli yoyote. Unahitaji tu kujua iko.

Zingine za kuangalia, na nitazitaja zile zina maana kwa mtu wa Nakuru mwenye RAM ya GB 8:

CONFIG_TUN na CONFIG_BRIDGE. Hizi ndizo za netiweki. TUN inampa mpangaji waya wake, BRIDGE inaunganisha waya zote kwenye geti moja. Lakini sikiza hii, maana itakuokoa usiku mzima: bridge ukiwa kwa Wi-Fi kwa kawaida inakataa, kwa sababu ruta inakubali pakiti za anwani moja tu, ile ya laptopu iliyojiunga. Na sisi wengi tuko Wi-Fi ya jirani ama hotspoti ya simu. Basi achana na bridge, tumia NAT, na uweke net.ipv4.ip_forward iwe 1. Watu wengi wamesema "KVM haifanyi" kumbe ni hapo tu.

CONFIG_VHOST_NET. Hii inahamisha kazi ya kubeba pakiti za VM ndani ya kerneli badala ya kuzizungusha kwa programu ya nje. Kama una VM ya hifadhidata na nyingine ya tovuti zinaongea siku nzima, utasikia tofauti.

CONFIG_KSM. Hii ndiyo naipenda. Iliingia kwenye kerneli 2009. Ukiwa na VM tatu zote za Debian ile ile, vipande vingi vya memori vinafanana kabisa. KSM inatafuta vinavyofanana, inabakisha kimoja, wote wanasoma hapo. Ni kama wapangaji watatu walionunua sufuria ile ile wakaamua kutumia moja. Andika 1 kwenye /sys/kernel/mm/ksm/run na imeanza. Bei yake ni prosesa, maana kutafuta kufanana ni kazi. Na ina hatari: kama wapangaji hawaaminiani, mmoja anaweza kukisia kilicho kwa mwingine kwa kupima muda wa kuandika. Kwa VM zako mwenyewe, washa. Kwa VM za wateja, zima.

Kurasa kubwa. Kawaida memori hugawanywa kwa vipande vya KB 4. Kerneli inaweza kutoa vya MB 2, na VM kubwa hupenda hivyo. Lakini ukitenga 1,024, umefungia GB 2 ambazo programu nyingine haiwezi kugusa. Kwa seva yenye GB 128 hiyo ni chenji. Kwa laptopu yako ya GB 8 ni robo ya tangi. Mafunzo mengi mtandaoni yameandikwa na watu wenye matangi makubwa. Usikopi masharti ya ploti ya mtu mwingine bila kupima tangi lako.

Kujenga kerneli: ndio ama hapana?

Hapa ndipo mabishano huwa. Upande mmoja unasema mwanaume kamili hujenga kerneli yake, ambayo ni upuzi, na dada zetu wanaojenga wanacheka tu. Upande mwingine unasema ni kupoteza muda, kila kitu kiko tayari.

Msimamo wangu: jenga mara moja, halafu kwa kazi ya kila siku rudi kwa ile ya Debian ama Ubuntu. Jenga, kwa sababu ukipitia ile menyu ya make menuconfig na kusoma maelezo ya opsheni, unaanza kuona kompyuta ina viungo gani. Opsheni ni zaidi ya elfu kumi, hakuna mtu anazijua zote, lakini ile menyu ya Virtualization ni fupi na ukiisoma jioni moja umeimaliza. Jengea ndani ya VM, hata ukiiharibu unafuta unaanza tena. Hiyo ndiyo raha ya VM.

Kisha rudi, kwa sababu marekebisho ya usalama yanakuja kila mara na ukijenga mwenyewe, wewe ndiye fundi wa zamu maisha yako yote.

Dokezo moja. Kuna amri, make localmodconfig, inayopunguza kazi kwa kubakisha moduli zile zinatumika wakati huo tu. Inaokoa masaa. Lakini kama wakati huo hujawasha VM yoyote, itaondoa kvm, tun, bridge na vhost_net, halafu utajenga kerneli safi isiyoweza kubeba VM. Ziingize kwanza, ndipo uiendeshe.

Na tafadhali, ile ushauri ya kuongeza mitigations=off ili mashine iende kasi, wachana nayo kwa mashine inayobeba VM za watu wengine. Hizo kinga ziliwekwa baada ya mashimo ya Spectre na Meltdown kutangazwa Januari 2018. Agosti ya mwaka huo likaja lingine, L1TF, ambalo kwa prosesa za Intel za miaka hiyo lingemruhusu mpangaji kuchungulia memori isiyo yake. Laptopu nyingi za ex-UK zina prosesa za miaka hiyo hiyo. Ukizima kinga umeondoa kuta za ploti ili upepo upite vizuri.

"Lakini si klaudi ni rahisi?"

Ni rahisi, na kama una duka la mtandaoni ambalo lazima liwe hewani saa ishirini na nne, lipia. Sitaki mtu aweke malipo ya wateja kwa laptopu iliyo chini ya kitanda Free Area halafu aseme nilimshauri.

Na stima? Najua. Agosti 25, 2023 nchi karibu nzima iliingia giza. Lakini laptopu ina betri, ambayo seva nyingi za mezani hazina, na amri ya virsh managedsave inalaza VM ikiwa hai na kuiamsha pale pale ilipoachia. Kwa kujifunza, hiyo inatosha kabisa.

Angalia upande wa pili pia. Klaudi nyingi hulipwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, kabla ya kushuka hadi karibu 130 mwaka huo huo. VM ile ile, kazi ile ile, bili inacheza kwa sababu ambazo wewe huna usemi. Na mwezi ule ule wa tangazo la Olkaria, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini, intaneti ikalegea Afrika Mashariki. Aliyekuwa na VM zake mezani aliendelea kusoma. Mwenye VM Ulaya alikaa kuangalia kiduara kikizunguka.

Kuna mjuaji ataandika hapa chini: "Olkaria ni Microsoft, na Microsoft hutumia Hyper-V, si KVM." Kweli. Sasa rudi kwa ile faili ya /boot, tafuta CONFIG_HYPERV. Umeiona? Microsoft wenyewe walileta huo msimbo kwenye kerneli ya Linux 2009, mistari kama 20,000, ili Linux iweze kukaa vizuri ndani ya Hyper-V. Mpangaji wao mkubwa ni Linux. Ukijua masharti upande wa mwenye ploti na upande wa mpangaji, jina la ploti halikutishi.

Na tusidanganyane kwamba haya ni mambo ya wazungu. Ile huduma ya Amazon ya kukodisha VM, EC2, iliyofungua biashara ya klaudi 2006, sehemu kubwa ilijengwa na timu iliyokaa Cape Town. Ubuntu ilianzishwa na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Watu wa bara hili walikuwa jikoni tangu mwanzo. Sisi wa Bonde la Ufa ndio tumekaa nje tukinusa.

Ninachotaka

Kwa vyuo: fungueni BIOS. Si bajeti, si mradi wa wafadhili, ni nywila tu. Mpeni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mashine yenye VT-x imewashwa, na mtihani wa mwisho wa muhula uwe kuendesha VM tatu zinazoongea bila kuanguka. Chaki ibaki ya hesabu.

Kwa kaunti: mkikaa meza moja na wenye vituo vya data, msiulize tu kuhusu ardhi na barabara. Ulizeni nafasi ngapi za mafunzo ya ufundi wa ndani, si za getini, zitaenda kwa watoto wa Naivasha, Gilgil, Molo na Rongai, na muandike kwa mkataba.

Na kwako wewe na laptopu yako: Jumamosi hii, kabla ya mechi, zile amri mbili za grep. Kama swichi imezimwa, iwashe. Kama moduli iko, iingize. Tengeneza VM moja, kisha ya pili, zipatie netiweki ziongee. Ukikwama, andika hapa chini imekwama wapi na dmesg inasema nini, tutasaidiana, hakuna mtu atachekwa. Tukifika kumi wa kutoka Nakuru, tutafute mahali town tukae na chaja zetu na tufanye pamoja.

Mvuke hautungoji, uko hapo chini unachemka. Wenye pesa wameshauona.